Wimbi Lililopita Juu ya Nyamirambo

Pudentienne alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, kwenye kichochoro kinachoteremka kuelekea Nyakabanda. Kila asubuhi alifungua mlango, akafagia kizingiti, akasogeza cherehani yake karibu na mwanga, kisha akawasha redio. Binti yake, Kaze, alifuata baadaye kidogo na chupa ya chai na maandazi. Mama alikaa huku, binti kule, na cherehani mbili zikaanza kazi.

Walishona sare za shule, magauni ya harusi na suruali za watu wa mtaani. Wateja walimwita Mama Kaze. Waliipenda kazi yake, na walizipenda hadithi zake pia. Maana Pudentienne hakuweza kushona kimya. Mikono yake ikiwa kwenye kitambaa, mdomo wake ulikuwa Buyenzi.

Buyenzi ni mtaa wa Bujumbura. Huko ndiko alikozaliwa na kukulia, maana wazazi wake walikuwa Wanyarwanda waliokimbilia Burundi. Baba yake, mzee Cyriaque, alikuwa mwoka mikate. Alijenga tanuri la matofali nyuma ya nyumba, si mbali na mto.

"Alfajiri mtaa mzima ulinukia mkate," Pudentienne alikuwa akisema. "Watoto wa jirani waliamshwa na harufu. Mama zao hawakuwa na kazi ya kuwaita."

"Na mvua je, mama?" Kaze alimchokoza. Alijua kinachofuata.

"Mvua ya wakati ule ilikuwa na adabu! Ilijua siku ya kuja na siku ya kuondoka. Mama yangu alianika mihogo bila hata kutazama juu. Hii ya siku hizi imepotea njia."

Ilikuwa mwezi wa pili, wakati ambao Wanyarwanda huuita urugaryi. Ni kiangazi kifupi kati ya mvua na mvua. Pudentienne alikuwa amepata kazi kubwa ya sare za shule. Kabla ya kukata kitambaa cha sare, hukiloweka kwanza kisije kikanywea baadaye. Basi asubuhi ile yeye na Kaze waliloweka kitambaa chote, wakakianika uani kwenye kamba ndefu. Jua lilikuwa kali. Redio ikaanza kusema habari za hali ya hewa. Pudentienne akainuka, akatafuta stesheni yenye kwaya.

Kabla ya saa sita, wingu jeusi lilichomoza nyuma ya mlima Kigali. Upepo ukaja kwanza, ukang'oa vitambaa kwenye kamba na kuvitupa kwenye tope. Kisha mvua ikamwagika. Mfereji wa kichochoroni ulikuwa umejaa majani na chupa, kwa hiyo maji yakakosa njia. Yakapanda kizingiti, yakaingia dukani, yakawafika kwenye vifundo vya miguu.

Ilinyesha siku ile. Ikanyesha na kesho yake, na keshokutwa. Kisha ikakoma ghafla, na anga likawa la buluu kabisa.

Kaze alikuwa akikamua kitambaa chenye tope. Amekasirika. "Sasa tufue upya chote! Urugaryi gani huu?"

"Wakati wa Buyenzi..." mama akaanza.

"Mama, tafadhali. Leo hapana."

Pudentienne akavuta beseni, akaanza kufua.

Wakati huohuo jirani yao, Mutabazi, akabisha hodi. Alikuja kuchukua suruali aliyoacha ipunguzwe. Mutabazi alikulia Karagwe, Tanzania, na sasa alikuwa mtabiri katika ofisi ya hali ya hewa. Pudentienne alimpenda kwa sababu walizungumza Kiswahili. Cha Mutabazi kilinyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Cha Pudentienne kilikuwa cha Buyenzi, kina mikunjo yake.

"Pole, Mama Kaze. Naona maji yamewatembelea."

"Yametutembelea bila kupiga hodi, mwanangu. Ninyi watu wa mvua iko kazi gani munafanya huko ofisini?"

Mutabazi akacheka. "Tulisema. Juma lililopita lote tulisema kwenye redio kwamba wimbi linakuja."

Kaze akamtazama mama yake. Mama akatazama redio.

"Wimbi?" Pudentienne akauliza. "Wimbi ni la ziwa. Hapa ziwa iko wapi?"

"Hata hewa ina mawimbi, mama. Makubwa kuliko nchi yetu. Nipe hicho kitambaa nikuonyeshe."

Pudentienne akampa kipande kirefu cha kitenge. Mutabazi akashika ncha moja, akamwomba Kaze ashike nyingine. Kisha akatikisa mkono wake mara moja. Nundu ikainuka kwenye kitambaa, ikakimbia hadi kwenye vidole vya Kaze.

"Umeiona? Nundu imetoka kwangu ikafika kwake. Je, kitambaa kimehama?"

"Hakikuhama," Kaze akasema. "Maua yake bado yako palepale."

"Ndivyo wimbi la hewa lilivyo. Kinachosafiri ni msukumo. Hewa yenyewe haisafiri yote nao. Mahali msukumo unapopita, hewa yenye unyevu hupanda juu. Huko juu kuna baridi. Mvuke unapoa, unakuwa mawingu, mawingu yanashusha mvua. Wimbi likishapita, hewa hushuka tena, na anga linakauka. Ndiyo maana leo ni buluu tupu."

Pudentienne alikichukua kitambaa chake. Akakitikisa mwenyewe, polepole, akaitazama nundu ikienda. Akakumbuka ziwa Tanganyika. Alipokuwa msichana walikwenda ufukweni Jumapili baada ya misa. Yeye alimshika mkono mdogo wake, Silvère, na wote wawili walitupa ganda la chungwa majini. Walingoja wimbi liwarudishie. Wimbi lilikuja, ganda likapanda na kushuka, likabaki palepale. Silvère alilia. Aliona wimbi limemnyima makusudi.

"Sasa hili wimbi lenu limetoka wapi?" akauliza.

"Hili lilitoka magharibi. Tuliliona kwenye picha za setilaiti likiwa juu ya Kongo. Likapita kwetu, sasa linakwenda mashariki. Yapo mengine yanayotembea kinyume. Kaskazini yetu, pande za Sudan na Ethiopia, kila mwaka katikati ya mwaka mawimbi huanzia huko yakielekea magharibi. Yanavuka Afrika Magharibi mpaka bahari ya Atlantiki. Mengi hufa njiani. Machache hugeuka vimbunga vinavyopiga visiwa vya Karibi na Amerika."

"Mungu wangu! Kumbe Afrika ndiyo inawatumia Wamarekani kimbunga?"

"Inawatumia mbegu tu, mama. Mbegu ikianguka juu ya jiwe haioti. Kimbunga kinataka bahari yenye joto kama maji ya kuogea. Kinataka hewa yenye unyevu mpaka juu. Na upepo wa juu usipingane sana na wa chini, maana ukipingana unakikata kichwa kabla hakijasimama. Tena kinataka pawe mbali kidogo na ikweta, mahali mzunguko wa dunia unapoweza kuupinda upepo. Ndiyo maana hapa Kigali hatupati kimbunga. Tunapata mvua, tunapata upepo wa dhoruba, basi."

Alichukua penseli ya kuchoria nguo, akaiweka kati ya viganja viwili. Kiganja kimoja akakisukuma mbele, kingine akakivuta nyuma. Penseli ikazunguka.

"Kimbunga huanza hivi. Wimbi kama hili letu huleta upepo unaotoka magharibi. Kusini yake upepo wa kawaida wa bahari unatoka mashariki. Pepo mbili zinapishana, na hewa iliyo katikati inaanza kuzunguka. Kama bahari ina joto, mzunguko huo hula joto hilo na kukua."

"Na hili la kwetu?" Kaze akauliza. "Litakufa njiani au?"

Mutabazi aliirudisha penseli mezani.

"Hatujui bado. Mara nyingi hakitokei kitu. Lakini safari hii bahari ya Hindi ina joto sana. Wenzetu wa huko wanaangalia kati ya Madagaska na Msumbiji."

Pudentienne alikuwa akikunja suruali. Mikono yake ikasimama.

"Msumbiji upande gani?"

"Kaskazini. Pwani ya jimbo la Nampula. Kwa nini, mama?"

"Silvère wangu yuko huko."

Silvère alikuwa ameondoka Bujumbura akiwa kijana. Alipanda malori ya mizigo, akafanya kazi Zambia, kisha Malawi. Mwishowe akafika mji mdogo wa pwani karibu na Angoche, akapata mke, akakaa. Pudentienne yeye alirudi Rwanda na mumewe, Mungu amrehemu. Ndugu hawa wawili hawakuwa wameonana uso kwa uso miaka mingi. Lakini kila Jumapili walipigiana simu ya picha. Silvère naye alikuwa mwoka mikate. Alijenga tanuri kwa mikono yake, kwa kipimo kilekile cha baba yao, hatua chache kutoka ufukweni.

Kaze alipiga simu palepale. Uso wa Silvère ukatokea, umejaa tabasamu na unga.

"Dada Pude! Leo si Jumapili. Kuna nini?"

Pudentienne akamweleza mambo ya wimbi, na kitambaa, na penseli. Alichanganya kidogo, Mutabazi akamsahihisha. Silvère alisikiliza, kisha akaangua kicheko. Akageuza simu ili waone nje. Bahari ilikuwa imelala. Minazi haikutikisika.

"Angalia, dada! Huku iko jua tu. Mvua yenu ya Nyamirambo munataka kuniletea mimi? Nina mikate ya harusi Jumamosi."

"Silvère, mdogo wangu, nakuomba usikilize redio."

"Nitasikiliza," akasema. Lakini alisema kama mtu anayemwondoa nzi.

Kesho yake jioni Mutabazi alipita dukani akitoka kazini. Hakuwa na haja ya kusema. Pudentienne alimsoma usoni.

"Kimezaliwa," Mutabazi akasema. "Kimeshapewa jina. Kinaelekea magharibi, kuja pwani. Kinaweza kugeuka njia, mama, vimbunga hugeuka. Lakini mtu wa pwani asingoje kuona kama kitageuka."

Usiku ule Pudentienne hakupata usingizi mzuri. Palipokucha alikwenda misa ya asubuhi, akarudi, akapiga simu. Safari hii aliyepokea ni wifi yake. Nyuma yake mawingu yalikuwa yamejipanga, na minazi ilikuwa imeanza kuinama.

"Wifi, watu wa kamati ya maafa wamepita na kipaza sauti," akasema. "Wanasema wote wa karibu na maji twende shule ya juu, ile ya matofali. Watoto nimewafunga mizigo. Ndugu yako hataki. Anasema mimi niende, yeye atalinda tanuri."

"Nipe yeye."

Silvère akaja. Hakuwa akicheka tena, lakini taya lake lilikuwa gumu. Pudentienne alilijua taya hilo tangu Silvère akiwa mtoto wa kunyimwa ganda la chungwa.

"Dada, usianze. Nimewasha tanuri tangu alfajiri. Unga umeumuka. Nikiondoka, hiki nilichojenga miaka yote kinakwenda. Wewe mwenyewe ulinifundisha maneno ya baba. Mwoka mikate haachi tanuri lake."

Kaze alisimamisha cherehani. Mutabazi, aliyekuwa ameingia kuwaamkia kabla ya kwenda kazini, alisimama mlangoni.

Pudentienne alikaa kitako. Akaishika simu kwa mikono yote miwili.

"Ni kweli, baba alisema hivyo," akasema. "Lakini maneno hayo wewe uliyasikia ukiwa mkubwa. Sasa nikuambie kitu ulichokiona ukiwa mdogo, hukukiweka kichwani."

"Kitu gani?"

"Siku mto Ntahangwa ulipopanda. Ilikuwa mchana, wiki ya Pasaka. Mvua ilinyesha milimani, kwetu haikuwa hata kubwa. Baba alikuwa amejaza tanuri mikate ya sikukuu. Mama alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa nje nawe, nikasikia mto unanguruma kama lori. Nikamwita baba. Akatoka, akatazama mto mara moja. Mara moja tu, Silvère. Hakurudi kufunga tanuri. Hakuchukua hata koleo. Alishika kitenge cha mama kwenye kamba, akakuweka mgongoni, akakufunga kama mwanamke afungavyo mtoto. Mimi akanishika mkono. Tukapanda juu mpaka kanisani. Wanaume walimcheka njiani, mzee Cyriaque na mtoto mgongoni, na maua ya kitenge kifuani. Hakugeuka."

Upepo ulisikika kwenye simu.

"Maji yalifika mlangoni. Mikate yote iliungua ikawa mkaa. Kesho yake baba alikaa nje, akavunja mmoja, akala ndani yake palipobaki peupe kidogo. Akatuita tule. Akasema, 'Huu ndio mkate mtamu kuliko yote niliyowahi kuoka.' Mimi nililia, nilifikiri amepata wazimu. Sasa nimekuwa mtu mzima, naelewa."

Silvère akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

Pudentienne aliisogeza simu karibu na uso.

"Kwa sababu napenda kukumbuka harufu ya mkate," akasema. "Ile ya kuungua nimekuwa naiacha nyuma. Nimewaambia watu wote hapa kwamba mvua ya Buyenzi ilikuwa na adabu. Haikuwa na adabu siku zote, mdogo wangu. Sisi ndio tulikuwa na baba aliyejua kuondoka."

Silvère alifuta uso kwa mkono wenye unga. "Nafanya nini?" akauliza.

Mutabazi akasogea, akaomba simu. Aliongea taratibu, bila kumtisha.

"Kaka, ondokeni sasa hivi mkiwa bado mnaona njia. Zima moto wa tanuri kabisa, upepo usije ukabeba cheche. Vyeti na vitambulisho vitie kwenye mfuko wa plastiki, uvifunge mwilini. Chukueni maji ya kunywa na chakula kisichohitaji kupikwa. Simu uichaji sasa, halafu uizime mpaka utakapoihitaji."

"Sawa. Na mabati?"

"Yaliyolegea yalaze chini uyawekee mawe, kama kuna muda. Hakuna muda, yaache. Sasa sikiliza hili vizuri. Mkiwa ndani ya shule, upepo unaweza kukoma ghafla, hata nyota zikaonekana. Usitoke. Hilo ni jicho la kimbunga, katikati yake. Upande wa pili bado unakuja, na utapiga kutoka upande mwingine. Subirini kamati iseme imekwisha."

"Nimesikia, kaka."

"Rudia nilichosema juu ya jicho."

Silvère akarudia kama mtoto wa shule. Kisha picha ikakatika.

Baada ya hapo simu haikupatikana tena. Walipiga, sauti ya mwanamke ikawajibu kwa Kireno. Wakapiga tena.

Kigali jua liliwaka vizuri. Kitambaa cha sare kilikauka kwenye kamba, Kaze akakikata. Lakini Pudentienne alishona mkono wa shati kinyume, akaufumua, akaushona kinyume tena. Wateja waliingia wakakaa kungoja hadithi. Hapakuwa na hadithi. Mwanamke mmoja alimnong'oneza Kaze, "Mama anaumwa?" Kaze akatikisa kichwa.

Jioni Mutabazi alileta habari za ofisini. Kimbunga kilikuwa kimeingia nchi kavu karibu na Angoche. Sasa kinapungua nguvu, maana kimeachana na maji ya moto yanayokilisha.

"Na watu?" Pudentienne akauliza.

"Setilaiti haioni watu, mama. Inaona mawingu."

Walisali rozari, mama na binti, wakalala bila kula vizuri.

Asubuhi simu iliita Pudentienne akiwa anakata kola. Namba ilikuwa ngeni. Aliipokea mkasi ukiwa bado mkononi.

"Dada."

Alikaa chini, palepale sakafuni, juu ya vipande vya nguo.

"Dada, tuko wazima. Wote. Mke wangu, watoto, wote. Hii ni simu ya mwalimu."

Kaze alipiga magoti, akaweka sikio karibu. Silvère aliongea haraka kama mtu anayeogopa simu itakufa. Paa la nyumba halipo. Bahari ilipanda mpaka kwenye tanuri, tanuri likapasuka katikati. Minazi imelala yote upande mmoja. Shuleni walikuwa wengi hata kukaa ilikuwa shida, lakini kuta zilishika.

"Na jicho lilikuja, dada. Kama alivyosema yule kaka. Kelele yote ikakoma. Watu wakaanza kusimama, wanataka kwenda kuona nyumba zao. Nikasimama mlangoni nikapaza sauti, bado, bado, iko upande wa pili! Wengi walinisikia. Jirani yangu mmoja alitoka. Bati likamvunja mkono. Yuko hai, amefungwa bandeji. Wasingerudi, wale wengine..."

Akaanza kulia. Pudentienne alimwacha alie. Yeye mwenyewe alikuwa analia, na mkasi umeshamtoka mkononi.

"Mikate ya harusi iliungua?" akamwuliza mwishowe.

Silvère akacheka katikati ya machozi. "Haikuungua. Nilizima tanuri kama nilivyoambiwa. Iliingia bahari, samaki wamekula harusi."

Mambo mengi yalibadilika baada ya hapo, huku na huko.

Jumamosi ya umuganda ilipofika, siku ya kazi za pamoja, Pudentienne aliwahi kabla ya wote, akiwa na jembe na buti za marehemu mumewe. Aliwaonyesha majirani mfereji uliomwingizia maji dukani. Wakauzibua mpaka chini, wakatoa majani, chupa na hata godoro la mtoto. Kaze alimtafuta fundi akainua kizingiti cha duka na kukaza mabati ya baraza kwa misumari mipya. Ndani wakafunga kamba za kuanikia, kwa siku ambazo nje hapaaminiki.

Redio nayo ilibadilika. Habari za hali ya hewa zikianza, cherehani zote mbili zinasimama. Wateja wanaambiwa wangoje. Pudentienne hawezi kuloweka kitambaa kabla hajasikia.

"Mutabazi, mwanangu," huuliza akimwona anapita, "kuna nundu yoyote inakuja?"

"Hakuna, mama. Wiki hii loweka."

Au husema, "Iko moja juu ya Kongo. Ngoja kidogo." Na siku nyingine wimbi hilo linafika hafifu, mvua inakuwa manyunyu tu. Mutabazi hakuficha jambo hilo. "Tunasema kile kinachoweza kutokea," alimwambia. "Hatuwezi kuapa. Lakini tunawaona wageni wakiwa bado njiani, na hiyo inatosha kufagia nyumba."

Hadithi za Buyenzi zilirudi dukani. Kaze alitambua kwamba zimeongezeka. Harufu ya mkate bado imo, na ziwa la Jumapili, na mihogo ya bibi. Lakini sasa imo pia siku ya mto, na mzee Cyriaque amefungwa kitenge chenye maua. Watoto wa wateja hucheka sana wakifika hapo. Pudentienne huwaacha wacheke, kisha huwauliza kwao mfereji ukoje.

Silvère alijenga tanuri jipya, kwa kipimo kilekile, lakini juu, karibu na shule. Wateja wake walilalamika kwamba ni mbali kupanda. Baada ya muda wakazoea, maana mkate ni uleule.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kwanza, wimbi jingine lilipita. Kigali ilinyesha kwa nguvu. Sare zilikuwa ndani, maji yakateremka mferejini kwa kelele na kwenda zake. Pudentienne alimpigia ndugu yake. Silvère alikuwa ameshasikia redio ya kwao, na bahari ilikuwa imeanza kuzungusha upepo tena. Vyeti vilikuwa kwenye plastiki. Kamati ilipopita na kipaza sauti, iliwakuta watoto wake wameshavaa viatu. Wakaenda shule ya juu mchana kweupe, pamoja na jirani yule wa mkono.

Kimbunga kiligeuka. Kilipofika katikati ya bahari kikaelekea kusini, kikakutana na maji baridi, kikafa huko bila kumgusa mtu. Pwani ilipata mvua kidogo na upepo wa kukausha nguo.

Jumapili Silvère alipiga simu. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, amezungukwa na magodoro na masufuria aliyoyabeba kupanda na kuyabeba kushuka. Amechoka. Anaguna.

"Dada, nimehama bure! Mgongo wangu wote unauma. Hakuna hata jani lililoanguka."

Pudentienne alimtazama kwenye kioo cha simu. Nyuma ya mdogo wake watoto walikuwa wakikimbizana, na wifi yake alikuwa akianika mashuka, akiimba.

"Bure?" akasema. "Bure hiyo ndiyo niliyokuwa naiombea misa, mdogo wangu. Kanda unga wako."